Mgodi Uliokuwa Sebuleni Kwetu

Kompyuta ya kwanza niliyoigusa haikuwa na kioo chake. Ilikuwa kibodi nene tu, nyeusi, yenye vitufe vya mpira laini kama sikio la paka. Mjomba wangu, ndugu mdogo wa mama, aliibeba kutoka ng'ambo alikokwenda kusoma, ameizungushia sweta mbili ili isivunjike. Ilihitaji televisheni ndipo ionyeshe chochote, na mjomba alikuwa amepanga chumba kimoja nyuma ya soko la Kakamega, chumba chenye kitanda, jiko la mafuta ya taa na vitabu. Sisi tulikuwa na televisheni, ile ya nyeusi na nyeupe. Kompyuta ikahamia kwetu, na mjomba akawa anakuja kuitazama kama mzazi aliyempeleka mtoto bweni.

Miaka ya tisini ilikuwa ndiyo inaanza, nami nilikuwa darasa la sita.

Gemu ilikuwa moja, kwenye kaseti. Uliitia kaseti kwenye redio, ukaunganisha waya, ukabonyeza, kisha ukasubiri dakika tano huku redio ikipiga mayowe kama jogoo anayekabwa shingo. Sauti ikizidi kidogo, gemu iligoma. Ikipungua kidogo, iligoma pia. Mjomba alichukua rangi ya kucha ya mama akatia alama pale sauti inapotakiwa kufika, na tangu siku hiyo mama alisikiliza kwaya kwa sauti hiyohiyo, apende asipende. Wakati wa kusubiri hakuna aliyeruhusiwa kutembea sebuleni. Baba alidai hata kukohoa kunaharibu.

Baba alikuwa karani katika ofisi ya ardhi, mtu wa tai na kalamu mbili mfukoni, ambaye sikuwahi kumwona akikimbia, hata mvua ikimkuta njiani. Lakini mbele ya ile gemu alikuwa mtu mwingine. Ndani ya kioo kulikuwa na mtu mdogo mwenye kofia, anachimba mashimo chini ya ardhi akitafuta vipande vya dhahabu. Juu yake kulikuwa na mawe. Ukichimba vibaya, jiwe lilimwangukia kichwani, akalala kifudifudi, na kompyuta ikalia kwa huzuni. Baba alicheza huku amevaa tai, ameuma ulimi, na mtu yule akienda kulia baba naye aliinamia kulia mpaka kiti kikalalamika. Rekodi yake aliiandika kwa kalamu nyekundu kwenye kalenda ya ukutani, kwa sababu kompyuta ilisahau kila kitu ikizimwa.

Mimi nilikuwa namkaribia. Nilikuwa nimejipangia kwamba likizo ya Agosti haitaisha kabla jina langu halijaandikwa kwenye kalenda ile.

Ndipo kukhu akavunjika kifundo cha mguu.

Kukhu ndivyo tunavyomwita nyanya. Huyu alikuwa mama yake mama, na nyumbani kwake ni Malinya. Aliteleza akishuka mtoni, akafungwa plasta hospitali ya Kakamega, akaambiwa awe anarudi kila wiki kuonwa. Mjomba akampisha kitanda chake, yeye akalala sakafuni. Mchana mjomba alipokwenda kutafuta kazi, kukhu aliletwa kwetu ili asikae peke yake.

Hapo palikuwa na jambo. Kwetu, mwanamume na mama mkwe wake hawakai chumba kimoja, hawashikani mikono, hata kutazamana usoni ni aibu. Wakikutana njiani, mmoja huingia kwenye mahindi mpaka mwenzake apite. Kwa hiyo mipango ya nyumba yetu likizo ile ilikuwa kama ya mji wenye treni mbili na reli moja. Baba aliondoka asubuhi, kukhu akaja na magongo yake. Saa kumi na nusu kukhu aliondoka, saa kumi na moja baba akaingia. Mama ndiye aliyekuwa akiangalia saa.

Siku ya kwanza kukhu alikaa nyuma yangu, mguu umewekwa juu ya stuli, akanitazama nikicheza. Kisha akauliza, "Huyu mtu anatafuta nini huko chini?"

"Dhahabu, kukhu."

Alisogeza kiti. Watu wa Malinya wanaijua dhahabu. Kukhu mwenyewe alikuwa amekaa miaka mingi akichekecha mchanga mtoni, na kabla ya hapo alikuwa akiteremka mashimoni pamoja na marehemu babu.

"Sasa mbona anachimba chini ya jiwe?" akasema. "Sisi tulikuwa tunaangalianga jiwe kwanza. Huyu ataku..."

Jiwe likaanguka. Kompyuta ikalia.

"Si nimesema? Rete hapa."

Nilimpa kibodi nikicheka. Wiki moja baadaye sikuwa nikicheka tena. Vidole vyake vilikuwa vizito, lakini hakuwa na haraka. Alisimama pale nilipokuwa mimi nikikimbia, akalitazama kila jiwe kama mtu anayenunua ng'ombe. Alinipita Jumanne. Alhamisi alimpita baba. Aliniamuru niandike kwenye kalenda, chini ya wino mwekundu, na mimi nikaandika, roho ikiniuma.

Jioni hiyo baba alisimama mbele ya kalenda bila kuvua koti.

"Hii ni ya nani?"

"Ya kukhu."

Mama alikuwa jikoni, ametega sikio kama mtu anayesubiri chungu kichemke.

"Mwambie mgeni," baba akasema taratibu, "amecheza vizuri sana."

Hapa naungama. Likizo ilikuwa inaisha, kibodi siipati, mchana ni ya kukhu na jioni ni ya baba, halafu juu ya hayo yote nimefanywa tarishi. Asubuhi nilimfikishia kukhu salamu hivi: "Mwenye nyumba anasema umebahatisha."

Kukhu aliinua kichwa. "Nimebahatisha?"

Siku hiyo hakunywa chai ya saa nne. Alichimba mpaka saa kumi. Alipoondoka aliniambia, "Mwambie mwenye nyumba asichoke, hiyo kazi ni ngumu." Nilipomfikishia baba, ikawa: "Kukhu anasema kazi hii si ya watu wa ofisini."

Baba alifungua tai. Sikuwahi kumwona akifungua tai kabla ya chakula.

Niliendelea hivyo karibu wiki mbili. Kila ujumbe ulipopita mikononi mwangu niliutia chumvi, na kadiri nilivyoutia chumvi ndivyo rekodi zilivyopanda, na kalenda ikajaa mpaka hatukujua tarehe. Siku moja nilimwambia kukhu kwamba mwenye nyumba anashangaa mtu mwenye macho ya kuku anaonaje mawe. Hilo lilikuwa kubwa kuliko nilivyokusudia. Kukhu alivuta kibodi karibu zaidi.

Jumamosi iliyofuata baba alikwenda Shinyalu kwenye kamati ya harusi, akasema atarudi jioni. Saa nane mawingu yakajikusanya upande wa msitu kama yanavyofanya kila siku Agosti, na mvua ikamwagika. Kamati ilivunjika, kwa kuwa walikuwa wakikutana chini ya turubai lililokuwa likivuja. Baba akarudi mapema, amelowa chapachapa, akafika barazani, akaona magongo mlangoni.

Hakuweza kuingia. Kukhu hakuweza kutoka. Mama alimpa baba taulo kupitia dirisha la jikoni, akamwambia asimame pale pale barazani mpaka mvua ipungue.

Dirisha la sebule lilikuwa wazi nusu, na televisheni ilikuwa inalitazama moja kwa moja. Kukhu alikuwa amelipa dirisha mgongo. Siku hiyo alikuwa amefika kwenye pango ambalo hata mjomba hakuwahi kuliona. Mawe yalikuwa pande zote. Nilimwona baba kwa pembe ya jicho, taulo kichwani, anajisogeza hatua kwa hatua mpaka pua yake ikawa karibu na vyuma vya dirisha.

"Mwambie mgeni ajihadhari na lile la juu," akaninong'oneza.

"Kukhu, jihadhari na la juu."

"Nimesikia. Mimi si kiziwi," akasema kukhu, akiitazama televisheni.

"Mwambie asirudi nyuma."

"Kukhu, usi..."

Lakini jiwe lilikuwa limeanza kutikisika, na mimi nilikuwa mwepesi wa uongo tu, si wa tafsiri. Baba alishika vyuma vya dirisha kwa mikono miwili akapiga kelele, "Kushoto, mama! Kushoto!"

Kukhu akaenda kushoto. Jiwe likaanguka nyuma yake. Mbele kulikuwa na dhahabu tupu.

Kisha tukatambua kilichotokea. Mama alisimama mlangoni mwa jikoni na mwiko hewani. Baba alivuta taulo likamfunika uso wote.

Kukhu hakugeuka. "Mwambie mwenye nyumba ahsante," akasema. "Na umwambie kwamba macho ya kuku yameona."

Chini ya taulo kukatoka sauti: "Macho ya kuku? Mwambie mimi sijawahi kusema hivyo."

"Na kubahatisha?"

"Nilisema amecheza vizuri sana!"

"Mimi nilisema kazi ni ngumu, asichoke."

Palepale radi ikapiga na stima ikapotea, na kioo kikabaki na kinukta kimoja cheupe katikati. Hata hivyo gizagiza lile halikutosha kunificha. Watu wawili ambao hawaruhusiwi kutazamana walinitazama mimi, mmoja kutoka kwenye kiti, mwingine kutoka chini ya taulo.

Kukhu ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka mguu wa plasta ukadunda kwenye stuli. Baba alijitahidi, akashindwa, akaenda kucheka nyuma ya nyumba kwa heshima. Mama peke yake hakucheka; aliniadhibu kuosha vyombo siku saba, na kila nilipovimaliza aliniuliza kama vimesafika kweli au navitia chumvi.

Usiku mama alimwuliza baba imekuwaje akamwita mama mkwe kwa sauti kubwa namna ile. Baba akasema kwa uso mkavu kwamba hakuwa anasema naye, alikuwa anasema na yule mchimbaji.

Plasta ilitolewa shule zilipofunguliwa. Kukhu alirudi Malinya, na kabla ya mwezi kwisha akatuma jogoo mkubwa aliyefungwa miguu kwa kamba, kuiondoa ile aibu, alisema, ingawa mama aliniambia kando kwamba mtu hutuma jogoo pia akiwa amefurahi. Desturi iliendelea kama ilivyokuwa. Baba alipokwenda kule alisimama nje ya ua, na kukhu alimsalimu kutoka jikoni bila kujitokeza, ila sasa salamu zao zilikuwa ndefu, na hawakunihitaji.

Mjomba alipata kazi ya kufundisha Lugari, akaja kuchukua kibodi na sweta zake mbili. Baba alimsaidia kufunga waya mmoja mmoja, polepole. Kisha akaiteremsha kalenda, akaikunja, akaitia kwenye droo ya kitandani kwake, na sisi tukaanza tena kujua tarehe.