Nililiona Baibui la Shangazi

Nikimwambia sasa, nitamponya au nitamvunja mguu wa pili?

Swali hilo lilininyima usingizi miezi mitano. Nililigeuza huku, nikaligeuza kule. Niliandika kwenye simu sababu za kusema, nikaandika na za kunyamaza, nikazifuta zote, nikaanza tena. Ndivyo nilivyo. Mimi ni mtu wa kufikiri mpaka jambo lenyewe linanipita.

Nimekosa, ndugu zangu. Nimemkosea mtu aliyenilea, na nimemkosea mara mbili: mara ya kwanza barabarani, mara ya pili nikiwa nimesimama pembeni ya kitanda chake hospitali. Ile ya pili ndiyo mbaya zaidi.

Nina miaka ishirini na sita. Chuo kikuu nimemaliza pale Tunguu, kazi bado natafuta. Nakaa Mji Mkongwe kwa shangazi yangu, dada wa marehemu baba. Yeye ni mwalimu wa Kurani. Chumba cha chini cha nyumba yetu ndicho chuo chake, na hujaa watoto kila siku baada ya alasiri, na sauti zao husikika mpaka njia ya pili. Mtaa mzima wanamwita Bi Mwalimu. Nusu ya wanaume wanaokaa barazani kwetu leo na ndevu zao, yeye ndiye aliyewafundisha alifu na be.

Siku hiyo tulikuwa na hitima Bwejuu, kwa jamaa zetu. Gari iliyokuwa ituchukue ikaharibika asubuhi.

"Nipeleke wewe, mwanangu," akasema Shangazi. "Pikipiki si unayo?"

Nilijiandaa kama ninakwenda Hija! Nilipima upepo wa matairi, nikajaribu breki, nikajaza petroli, nikatazama mawingu. Helmeti nilichukua mbili.

"Hii tena!" Shangazi akacheka. "Nitafanana na chungu kilichofunikwa."

"Vaa, Shangazi. Hatuendi bila ya hiyo."

Akaivaa juu ya ushungi, na ukanda wa kidevuni nikamfunga mwenyewe. Kisha akapanda kwa kukaa upande, kama wanavyopanda mama zetu, miguu yote miwili kushoto. Kuhusu hilo sikusema kitu. Nitamwambiaje mwalimu wangu apande kama mwanamme, na wanafunzi wake wa zamani wako pale barazani wanakunywa kahawa?

Lakini baibui lake alilikusanya. Alilivuta mara mbili, akalikunja chini ya paja, akalikalia, akanipiga begani. "Haya, bismillahi. Twende." Nyinyi mnaosoma, likumbukeni hilo. Alilikalia.

Tulipoipita Tunguu upepo ukawa mkubwa. Nikatazama kioo cha kushoto. Baibui lilikuwa limechomoka! Limejaa upepo, linapiga karibu na gurudumu la nyuma, na mguu wake uko wazi mpaka karibu na goti.

Hapo ndipo nilipokosa.

Mtu mwengine angesimama. Angesema, "Shangazi, baibui!" Basi. Mimi nikaanza kufikiri. Nikimwambia, atajua nimemtazama mguu. Atajiuliza nimeutazama tangu wapi. Atajiuliza na wale wanaume kwenye maduka tuliyoyapita, nao wameona? Atafadhaika, nami nitafadhaika, na safari yote iliyobaki tutakaa na haya hiyo katikati yetu. Nikataka kusimama kwa kisingizio cha petroli. Nikakumbuka nilishamwambia kuwa nimejaza. Nikataka kusema simu inalia. Nikaanza kutunga sentensi: Shangazi, samahani, huu upepo... Nikaifuta. Shangazi, hivi nguo yako... Nikaifuta na hiyo.

Mnyororo wa pikipiki ulilidaka baibui nikiwa bado natafuta neno la adabu.

Sikusikia kishindo. Nilihisi tu pikipiki imekuwa nyepesi, kisha mkono uliokuwa umenishika kiunoni haupo. Nikageuka kutazama, na usukani ukageuka pamoja nami. Nikaanguka. Kifundo cha mkono wa kushoto kilivunjika, na mtulinga nao.

Shangazi alikuwa nyuma, katikati ya lami. Helmeti ilikuwa imepasuka ubavuni, lakini kichwa kilikuwa kizima. Mguu ulikuwa umekwenda upande usio wake. Nilimfikia kwa kutambaa, nikidhani atalia kwa maumivu.

"Nifunike, mwanangu," akasema. "Nifunike, watu wanakuja."

Jamani! Baibui lote lilikuwa limezongwa kwenye gurudumu. Nilivua shati kwa mkono mmoja nikamfunika nalo, mbele ya watu walioshuka kwenye magari yao. Mguu ule ule nilioona haya kuutaja!

Mfupa wa paja ulivunjika mahali pawili. Walimtia chuma. Siku ya pili akaja Ami, kaka yake Shangazi, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo wetu sasa. Nilikuwa nimesimama pembeni ya kitanda, mkono umo ndani ya plasta.

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba. Pole." Akamtazama dada yake aliyekuwa amelala kwa dawa. "Yeye nguo yake hakuikusanya? Na wewe hukuona kitu?"

"Sikuona, Ami."

Barabarani nilitafuta neno moja la kweli nikalikosa. La uongo nililipata hapo hapo.

Halafu watu wakanisifu! Kila aliyekuja kumjulia hali alisema huyu kijana ana akili, alimvalisha helmeti, amemwokoa. Nilizipokea sifa zile kichwa kikiwa chini, wakadhani ni unyenyekevu.

Mkono wangu ulitoka plasta baada ya wiki sita. Nilifundishwa kufinya mpira, na kugeuza kiganja juu na chini kama mtu anayefungua kitasa. Shangazi alianza kwa magongo mawili, kisha moja. Ilibidi asali juu ya kiti. Mara ya kwanza nilipomuona akiinama hewani, paji lake la uso halifiki chini, nilitoka nikaenda kusimama uani mpaka alipomaliza sala.

Hayo ya mguu aliyachukua vizuri. Wanawake wenzake walipomtania, "Bi Mwalimu, ulitaka kupepea kama bendera?" alicheka nao. Lakini wakishaondoka alikuwa akiniita.

"Mwanangu, hebu nambie. Mimi nakumbuka nililikalia lile baibui. Naukumbuka mpaka mkunjo wake, hapa chini ya paja. Nililikalia, au nnaota?"

"Sijui, Shangazi. Mimi nilikuwa nnatazama mbele."

"Basi akili yangu inaondoka."

Alisema hivyo mara ya kwanza kwa mzaha. Mara ya tatu haikuwa mzaha tena. Akawa anarudi jikoni mara tatu kutazama kama gesi imezimwa. Akawa ananiuliza kama ameshasali adhuhuri, hali nimemuona mwenyewe akisali. Siku moja alikuwa akimsikiliza mtoto sura ambayo ameihifadhi tangu yeye mwenyewe yu mtoto. Akasita katikati, akamwambia, "Fungua msahafu, tuhakikishe." Yule mtoto akamtazama kwa mshangao. Alikuwa amesoma sawa! Na mwalimu alikuwa sawa pia. Alikuwa hajiamini tu.

Niliyaona yote hayo kutoka ngazini. Nikapanda juu, nikafungua simu, nikaandika sababu za kusema na sababu za kunyamaza.

Kisha Ami akaja na uamuzi wake. Alikaa kitako ukumbini, akasema bila ya ukali, na hilo ndilo lililoumiza zaidi.

"Dada, umri umekuja. Mtu asiyejua nguo yake iko wapi, tutamwachia watoto wa watu chumba kizima? Tukifunge chuo. Ijumaa, baada ya sala, nitawaambia wazee wao wawapeleke kwengine."

Nilingoja Shangazi ang'ake. Mtu huyu aliwahi kumfukuza fundi wa mabati kwa ufagio kwa kuwa aliingia na viatu! Lakini alisema tu, "Kaka umesema kweli."

Alhamisi jioni, watoto walipoondoka, nilimkuta amekaa kwenye kiti chake, gongo ubavuni, anazipanga juzuu na kuzifunga kwa uzi, kumi kumi. Ami alikuwa amekaa mkekani anamsaidia. Zile juzuu zilikuwa zimechakaa pembe kwa vidole vya watoto, na moja ilikuwa yangu, nimeiandika jina langu nikiwa na miaka sita.

Kwenye simu nilikuwa na sentensi kumi na moja nilizozitengeneza vizuri. Sikuisoma hata moja.

"Shangazi, ulilikalia."

Mkono wake ukasimama na uzi. "Nini?"

"Baibui. Ulilivuta ukalikalia. Nilikuona. Lilichomoka baada ya Tunguu, kwa upepo, nikaliona kwenye kioo. Nikaona haya kukwambia, kwa sababu mguu wako ulikuwa wazi."

Ami akainuka. "Uliliona! Na mimi si nilikuuliza?"

"Nilikudanganya, Ami."

"Mshenzi wee! Miaka yote hiyo Tunguu ulisomea nini?"

"Kaka, ngoja," akasema Shangazi. Hakupandisha sauti. Alinitazama kama alivyokuwa akinitazama utotoni, ninapofika mahali pa sura ambapo watoto wengi hukosea. "Nililivuta mara ngapi?"

"Mara mbili."

"Kwa mkono gani?"

"Wa kulia. Kisha ukanipiga begani kwa mkono huo huo, ukasema bismillahi."

Akafumba macho. Midomo ikawa inatikisika. "Naam," akasema polepole. "Wa kulia." Machozi yakamtoka, nikajua hayakuwa ya mguu. Akaufungua ule uzi.

Nilianguka magotini kumuomba msamaha. Akauweka mkono mbele, kama mtu anayezuia mlango.

"Mguu nshakusamehe. Mguu ni ajali. Lakini miezi mitano, mwanangu! Miezi mitano nnakiogopa kichwa changu mwenyewe, na wewe unapita hapa unasema 'Shangazi umeamkaje'. Hiyo niachie kwanza."

Ijumaa nilisimama na Ami mbele ya wazee wa watoto, nikayasema yote tena. Wengine walinitazama, wengine walitazama chini. Chuo hakikufungwa. Lakini Shangazi hakunisemesha. Nikimpa salamu anaitikia, chakula changu kinafunikwa mahali pake, basi. Nyumba yenye watoto arubaini wanaosoma kwa sauti, na mimi nikaona kimya chake tu.

Pikipiki niliirudia mwezi uliopita. Mwanzo nilikuwa naiwasha na kuizima. Fundi ameutia mnyororo kava la bati, na nyuma ameweka vikanyagio vya pande zote mbili. Nakwenda polepole mpaka wenzangu wananipigia honi. Wapige!

Sasa nawaambia nyinyi, hasa mnaopakia mama na dada zenu. Helmeti peke yake haitoshi. Baibui, kanga, ushungi, mkoba wenye kamba ndefu, vyote ni chakula cha mnyororo. Abiria apande miguu huku na huku, avae suruali ndani, nguo ifungwe. Na ukiona kitu kimechomoka, simama! Usitafute neno zuri. Mzee wako atakasirika dakika mbili, kisha mtafika. Na kama umeshakosa, usimwache mwengine alibebe kosa lako. Mimi nilidhani kunyamaza kwangu ni heshima. Ilikuwa woga, na aliyelipia ni yeye.

Jana mke wa Ami alitaka nimpeleke Mwanakwerekwe. Akatoka na mkoba wake, akakaa upande kama kawaida. Barazani walikuwa watu sita, kahawa mkononi. Nikahisi masikio yanapata moto. Nikaanza kutunga sentensi.

Nikazima injini.

"Mama, samahani. Hatuendi hivyo. Panda miguu huku na huku, uvae suruali ndani, na baibui ulifunge kiunoni. Likichomoka njiani ntakwambia hapo hapo."

"Kha!" akasema mmoja barazani. "Leo anawafundisha wakubwa kupanda!" Wakacheka wote. Mke wa Ami akashuka, akaninunia, akaingia ndani. Nikabaki nimeshika helmeti mbili, nikijiambia nimeharibu, nimemvunjia heshima, kesho nitaitwa kwa Ami.

Akarudi amevaa suruali. Akapanda. Nilikuwa namfunga ukanda wa kidevuni niliposikia sauti kutoka dirisha la chini, katikati ya sauti za watoto.

"Wewe! Na ushungi mwambie aufunge nyuma!"

Ilikuwa ni mara ya kwanza, tangu Alhamisi ile, Shangazi kunisemesha bila ya mimi kumpa salamu.

Nikamwambia.