Nilivyomshuku mwanafunzi wangu kuiba insha ya kambi

Wakuu, sasa.

Nimesoma nyuzi za watu hapa miaka mingi bila kuandika hata neno. Leo naandika, na yote yamenitokea mimi, pamoja na pale nilipokosa adabu. Majina tu ndiyo nimebadilisha.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, shule moja ya msingi hapa Karagita. Wazazi wetu wengi wanafanya kazi kwa mashamba ya maua.

Kwa tabia mimi ni mtu wa kushuku. Mke wangu husema nikipewa chai namwangalia kwanza aliyenipa. Na kazi ya kusahihisha insha imenizidishia huo ugonjwa. Watoto wanakariri kutoka kwa vitabu vya mwongozo, ukurasa mzima na nukta zake, halafu wanakuletea kwa mwandiko wao na wewe unadhani umepata mwandishi.

Mwaka jana nilichomeka vibaya. Kuna mashindano ya insha, kila shule inatuma moja, na mwalimu anatia sahihi kwa fomu kwamba kazi ni ya mwanafunzi mwenyewe. Nikatia. Jaji akafungua kitabu cha mwongozo mbele ya walimu wote, akasoma insha ya mwanafunzi wangu neno kwa neno. Nilichekwa hadi na walimu ambao hatujuani. Nikaapa haitarudi.

Mwaka huu mada ilikuwa kambi.

Waandalizi walituletea kitabu cha hadithi. Watoto wako likizo, wanapiga hema kando ya ziwa, wanaimba, wanatafuta pango, mnajua hizo mambo. Gredi ya Sita wakisome, halafu kila mmoja aandike yake.

Kuna msichana nitamwita Faith. Mtulivu, alama zake za katikati, sijawahi kumwita mbele ya darasa kwa uzuri wala kwa ubaya. Akaleta kurasa tatu.

Wakuu, ile insha ilikuwa tamu.

Ilihusu mama yake akiwa mdogo, alipopelekwa kambi yenye watoto wengi kuliko shule yetu nzima. Walilala kwa hema nyeupe. Walicheza kati ya kamba za hema, ukijikwaa umetoka. Lori la mahindi likija walikimbia nalo mpaka lisimame. Kila familia ilikuwa na kadi yenye namba, na kila asubuhi watu walihesabiwa, jambo ambalo Faith aliliandika kama mchezo. Nyanya yake alilala na viatu ili asubuhi awe wa kwanza kwa foleni ya uji. Dada mdogo wa mama, Joy, aliondoka kambini kabla ya wengine na watu wote wakamsindikiza.

Niliisoma mara mbili nikifurahi. Mara ya tatu nikachukua kalamu nyekundu.

Mtoto wa alama za katikati ametoa wapi hii? Nikamuuliza. Akasema, "Mum ndiye alinihadithia." Wote husema hivyo.

Jumamosi nikaenda Nakuru mjini kwa wauza vitabu vikuukuu. Nilitafuta chochote chenye kambi. Nikapata vya watoto, nikapata vya wafungwa wa vita huko ng'ambo, nikapata kimoja cha watu waliowekwa kizuizini hapa kwetu wakati wa mkoloni. Nilisoma wikendi yote na mke wangu akaacha kuniongelesha.

Na nikagundua kitu, mpaka nikajiona msomi.

Kwenye vitabu vya kambi za likizo hakuna foleni. Hakuna kadi, hakuna anayehesabu watu kila asubuhi. Mtoto akipotea msituni, hiyo ndiyo hadithi yenyewe. Lakini kwenye vya kambi za vita, hata hujasoma mbali, watu wameshahesabiwa. Na huko mtu halali bila viatu, kwa sababu hajui ataamshwa na nini.

Kwa hivyo nikaamua. Faith ameiba kutoka kwa kitabu cha vita, akakipaka rangi ya likizo. Kitabu chenyewe sikukipata, lakini hilo halikunisumbua hata kidogo. Fomu ilikuwa iende Ijumaa, na insha yake ndiyo ilikuwa bora kuliko zote.

Jumatano nikamwita mama yake.

Alikuja saa ya lunch na gumboots zake za greenhouse, mama bado kijana, labda miaka thelathini na kidogo. Akaniambia, "Mwalimu, supervisor amenipea saa moja peke yake." Nikamwekea insha mezani. Faith alikuwa amesimama kando.

Mama alisoma pole pole, kidole kikifuata mstari. Alipofika kwa Joy kidole kikasimama. Kisha akasema, "Mtoto anaweza kutoka kidogo?"

Nikakataa. Nilitaka kuona macho ya wote wawili. Niliona ni ujanja wa kutaka kupanga maneno.

"Ni kitabu," mama akasema. "Nilisomanga nikiwa mdogo."

"Kinaitwaje?"

"Nimesahau."

Faith akageuka. "Lakini mum, si ulisema ilikuwa wewe?"

Mama aliangalia saa ya ukutani, akasema lazima arudi kazini, akaenda. Mimi nikaandika UMENAKILI kwa herufi kubwa, mtoto akiona, nikafuta jina lake kwa fomu. Sitawadanganya, nilisikia raha. Nilikuwa nimeshika mwizi mwaka huu kabla ya jaji kunishika mimi.

Alhamisi asubuhi nilimkuta yule mama kwa geti ya shule kabla ya shift yake.

"Mwalimu, hiyo si kitabu," akasema. "Hiyo ni ile kambi ya Nakuru, wakati wa fujo za uchaguzi. Sisi tulikuwa tunaishi huko juu ya Salgaa. Nyumba ilichomwa."

Aliniambia Faith alipoanza kuongea vizuri alikuwa akiuliza kila siku kwao ni wapi, mbona wengine wanaenda ushago kwa babu zao Disemba na wao wanabaki Karagita. Akashindwa amwambie nini. Ndipo akampa upande wa kucheza tu, na kweli walicheza, kwa sababu watoto hucheza popote. Mtoto akaupenda, akawa anauomba kila jioni.

"Na Joy?" nikauliza.

"Joy alishikwa na kifua. Tulimzika kabla tutoke huko."

Sasa wakuu, hapa ndipo ninapoona aibu hata nikiandika. Mama wa watu amesimama mbele yangu na hayo maneno, na mimi, huu ugonjwa wangu, nikamuuliza kama ana kitu cha kuonyesha.

Akaniuliza, "Ulitaka nikuletee hema?"

Nilimuomba msamaha, na nikamuuliza mbona jana hakusema ukweli kama alijua mtoto ataitwa mwizi. Akasema, "Ningesema na yeye akiwa hapo? Nilifikiria utasema tu sawa, ni kitabu, iishe."

Hakujua habari ya sahihi wala ya fomu. Sikuwa nimemwambia. Nilikuwa na haraka ya kumshika.

Siku hiyo hiyo nikasimama mbele ya darasa, nikasema nilikosea, Faith hakunakili kwa mtu. Nikarudisha jina. Nikamwita kando nikamwambia aiandike vizuri niitume kesho.

Akaniuliza, "Kama haikuwa kitabu, kwa nini mum alisema ni kitabu?"

Nikamwambia amuulize mama. Jibu la mwoga, lakini lile jingine halikuwa langu kulitoa.

Ijumaa alikuja na karatasi tupu. "Mwalimu, tuma ya mtu mwingine. Mimi hiyo sitaki."

Nilibembeleza hadi kengele ikalia. Shule yetu haikutuma kitu.

Huu ni muhula wa pili tangu hapo. Faith bado anaandika insha, na zote zinaanza na majogoo kuwika na jua kuchomoza mashariki, kama za kila mtu. Hazina hata kosa moja, na nikizisahihisha moyo unaniuma, kwa sababu ni mimi niliyemfundisha kwamba hizo ndizo salama.

Mama yake anasema atamwambia yote akifika Gredi ya Tisa. Mimi nashuku mtoto ameshajua.

Nilichojifunza ni hiki. Macho yangu hayakukosea: ile haikuwa kambi ya likizo, na niliiona kabla ya mtu yeyote. Lakini baada ya kuona nilimtafuta mwizi, sikuuliza ni nani aliyelala humo.

Najua wengine mtasema nimetunga. Hata mimi ningesema hivyo, kwa hivyo semeni tu.

Ila kuna watu humu waliolala kwa zile hema wakiwa watoto, na sasa wana watoto wao. Mmewaambia nini, na mliwaambia wakiwa na umri gani? Andikeni hapo chini. Sitamuomba mtu ushahidi.