Insha ya Dikteta Aliyekaa Nyumbani

Juzi kule Keumbu fundi mmoja alikuwa akitupa vipande vya chuma kwenye ndoo, kling, kling, nami nikasimama kando ya barabara kama mjinga. Jamani, hivyo ndivyo miguu ya nyanya yangu ilivyolia akitembea.

Nyanya alivaa ebitinge, zile pete za miguuni ambazo mke wa Kikisii alivishwa akiolewa, zikavuliwa mumewe akishazikwa. Sasa babu Mogaka, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, alichukuliwa na Waingereza kwenda Abisinia, Ethiopia ya leo, kupigana na Waitaliano, akafia huko. Habari zilifika, maiti haikufika. Mdogo wake, mzee Ratemo, akashikilia neno moja miaka yote: "Hakuna kaburi, hakuna kuvua." Nyanya ajivulie mwenyewe? Thubutu! Ilisemekana watoto wake wangekufa. Na kanisa letu la Sabato halikubatiza mtu mwenye mapambo. Nyanya alitamani ubatizo kuliko kitu chochote. Kila Sabato aliketi benchi la nyuma, miguu ameifunika kwa leso, akiimba kuwashinda waliobatizwa.

Nikiwa darasa la saba mwalimu akatupatia insha: dikteta wa Italia angekataa kuingia vita vile vikubwa, mambo yangekuwaje? Wee! Nilijaza kurasa nne. Dikteta wangu nilimketisha Roma na shati lake jeusi na kitambi chake, akila tambi na kupigiwa makofi mpaka uzeeni. Babu sikumpeleka popote. Alibaki kwetu Birongo akipalilia migomba.

Mwalimu aliisifu mbele ya darasa. Nikakimbia hadi shambani, nikamsomea nyanya akichuma majani chai, nikimtafsiria kwa Kikisii. Nilingoja machozi ya furaha.

Alichuma kwanza konzi mbili, akazitupa kikapuni. Kisha akauliza, "Na wale Wahabeshi ambao huyo mtu alikuwa amewakalia tayari, nani alimwondoa juu yao?"

"Hakuna, nyanya. Si hakukuwa na vita?"

"Na mume wangu alikufa lini?"

"Hakufa!"

"Muue, mjukuu wangu," akasema taratibu. "Muue kwa uzee, hapa nyumbani, watu wamzike."

Nilinuna siku mbili. Mimi nimemrudishia mume, yeye anataka maiti! Niliona aibu hata kumwambia mama.

Miaka ikapita, nyanya akafa vilevile, bila ubatizo. Siku ya mazishi mzee Ratemo, naye sasa anatetemeka kwa uzee, aliinama miguuni pake mbele ya mchungaji, akasema, "Sasa zivuliwe. Kaburi lipo."

Hapo ndipo nilipoielewa insha yangu, nikalia kwa hasira hata shangazi akanishika mkono. Nilikuwa nimeiandika dunia nzima upya, na nyanya nikamwacha palepale alipokuwa.