Nguzo Iliyokaa Juu ya Bimu

Chumba kile cha juu kilijengwa kwa ajili yangu, na mimi sikukitaka. Naanza na hilo kwa sababu siku ya kumwaga zege kila mtu alinirushia neno hilo usoni.

Mwanangu wa pili ana duka la jumla Tunduma, kwenye barabara ambayo malori yanapanga foleni kuvukia Zambia. Akaamua kupandisha ghorofa: chini stoo, juu familia, na chumba kimoja chenye dirisha kubwa cha mama yake, niache kuishi peke yangu kijijini Iyula na kahawa yangu. Waliopita katika nyumba ile ya Iyula nawakumbuka wote kwa majina, hata waliozikwa kabla ya kuota meno. Mjini nani ataniuliza habari zao?

Katika ukoo wetu zege la ghorofa halimwagwi mpaka mama mzaa chema aombe, kisha karai la kwanza alimwage yeye. Kwa hiyo nilifika siku moja kabla. Kukaa sikuweza. Nikawa nazunguka tu, nikaona nondo zimechomoza katikati ya bimu refu, ule mhimili wa kulala wa kubeba ghorofa, zinangoja nguzo ya juu. Nikainama kutafuta nguzo ya chini ya kuipokea. Palikuwa na mirunda ya kushikilia mbao tu, ambayo zege likikauka inaondolewa.

“Fundi, nguzo hii miguu yake iko wapi?”

“Imekaa juu ya bimu, Bibi. Ya chini bosi aliikataa, anataka lori la semi liingie kinyumenyume mpaka stoo.”

“Na bimu litaweza?”

“Mchoro umekubali, Bibi. Mimi nafuata mchoro.”

Mjukuu wangu, binti wa mwanangu huyo, amesomea uhandisi na anafanya kazi Mbeya. Alikuwa amekuja kwa shughuli ile ile. Nilimsumbua mpaka akafungua mchoro kwenye kompyuta yake, pale mezani nilipokuwa nachambua maharage. Nyumba yote ilikuwa mistari mitupu, anaigeuza kwa kidole kama mtu anayekagua kuku sokoni. Mara kidole kikasimama.

“Bibi, ona. Ukichora nguzo humu, mwisho wake wa chini unaweka alama ya egemeo. Kompyuta ikiiona inaamini hapo ni ardhi, uzito wote unaishia hapo. Mchoraji alipoifuta nguzo ya chini, alama aliiacha hewani.”

“Kwa hiyo?”

“Kwa hiyo bimu lilihesabiwa kama halijabebeshwa kitu.”

Akaifuta alama ile, akaiunga nguzo na bimu ili uzito ushuke humo, akaamuru hesabu ianze upya. Bimu likalegea kama kamba iliyoanikwa blanketi bichi. Nikasimama, maharage yakamwagika.

“Picha imekuza mpindo ili uonekane, Bibi. Halitapinda hivyo.”

“Lakini litapinda.”

“Litapasuka. Ni jembamba, na nondo zake hazitoshi.”

Akaenda kumwambia baba yake. Nilimsikia mwanangu akijibu kutoka uani: “Mchoraji ana miaka na miaka katika kazi hii. Wewe juzi tu nilikuwa nakununulia madaftari.” Binti akarudi, akafunika kompyuta, hakula.

Asubuhi mashine ya kuchanganya zege ikaanza kuunguruma. Vijana wa makarai walikuwa wamejipanga, nao hadi leo nawajua kwa majina. Mwanangu akaniletea karai. Nikaificha mikono ndani ya kitenge.

“Siombi.”

“Mama, hapa wote tunajua hutaki kuhama. Usijifiche nyuma ya mtoto.”

Mkewe akacheka. “Huyu mama angesimamisha hata treni, mradi asihame.”

Watu wakacheka, na mimi sikuwalaumu, kwa sababu ilikuwa kweli. Usiku nilikuwa nimejiuliza hilo hilo: ni bimu ninaloliogopa, au ni chumba? Nilimtazama mjukuu wangu. Alikuwa anatazama viatu vyake.

“Kweli kuhama sitaki,” nikasema. “Na bimu nalo ni bovu. Ni mambo mawili. Litengeneze kama mwanao anavyosema, nami nitaomba, na nitahama. Hawa wote wamesikia.”

Mwanangu akaliweka karai chini. Kisha akamwambia fundi azime mashine.

Mkuu wa mjukuu wangu kazini alikuja kuhakiki hesabu, mafundi wakafumua mbao, wakasuka nondo upya. Bimu likawa nene, likashuka chini kiasi kwamba semi haiingii tena. Mizigo inashushwa barabarani. Mwanangu akipita chini yake hulitazama. Niliomba, na karai la kwanza nilimwaga mimi.

Sasa nakaa humu. Nguzo ile inapita kwenye kona ya chumba changu, na nikichoka kuzunguka naiegemea kwa mgongo. Lori likipita naweka kiganja ukutani, natafuta ufa. Sijauona. Mjukuu wangu akipiga simu huniuliza, “Bibi, usiku unalala?” Namwambia nalala. Iyula kahawa imeanza kuiva, na sijui nani anaichuma.