Nilivyomlilia Wafula Nyuma ya Maporomoko

Mume wangu Wafula alipozikwa kwao Kanduyi, sikutoa chozi. Machozi yangu huchelewa kuja, lakini majirani walinong'ona kwamba nimefurahi. Kwa hivyo kanisa letu la Matisi lilipopanda Mlima Elgon kuona maporomoko, niliona nafasi yangu. Maji yalinguruma hadi mchungaji akatuombea kwa mikono tu. Nani angenisikia? Nikanyemelea nyuma ya maji, nikaingia pangoni kwenye giza, nikapiga nduru ya matanga niliyokuwa nimeiweka tangu mazishi.

"Wafula! Umeniachia ng'ombe wa kupiga teke! Umeniachia mama yako! Si ungeenda naye, bana! Anakula kama jeshi, anakoroma kama mashine ya kusaga posho!"

Nililia vizuri, sitadanganya. Kisha nikakohoa, na kikohozi changu nikakisikia waziwazi. Humo ndani ngurumo ilikuwa imefifia.

Mtu akawasha tochi ya simu. Akina mama wa kanisa walikuwa wameketi kwenye mawe wakikwepa manyunyu, vikombe vya chai mikononi. Aliyeketi mbele kabisa alikuwa mama mkwe.

"Endelea, mwanangu," akasema. "Nakoroma, halafu?"