Samaki wa Nchi Kavu huko Bahi

Nilimtoa mume wangu nyumbani kwa sababu moja: nilianza kuhofia uhai wake. Tangu ujana alikuwa mpagazi, akibeba pembe na vitambaa kati ya pwani na Tabora. Mdachi alipofikisha gari la moshi hapa Dodoma, misafara ikakoma, naye akabaki kukaa barazani. Kila nililomweleza alijibu, "Nimeshaliona." Jirani kajifungua mapacha, ameshaona. Simba kaingia zizini Msalato, ameshaona. Baadhi ya wenzake waliokaa vile tulikuwa tumeshawazika.

Ndipo Ndahani, Mgogo anayeniletea samli ya kupikia vitumbua vyangu, aliponiambia, "Dada, njoni Bahi kabla mvua hazijaanza. Mama yangu atawachimbulia samaki."

Mume wangu akaguna. "Bahi, kiangazi hiki? Pale hakuna hata maji ya kunawa."

"Basi twende ukanionyeshe kwamba hakuna," nikamjibu. Akakubali, kwa ubishi tu.

Asubuhi tukapanda gari la moshi, mara yetu ya kwanza sote wawili. Alikaa ameligeuzia dirisha mgongo, kama mtu aliyelazimishwa kuhudhuria harusi ya adui yake. Mimi nilitazama nje muda wote: ng'ombe wakikimbia na mikia juu, vichaka vikirudi nyuma, vilima vikigeuka polepole.

"Funga kinywa, Mama Hamisi," akasema. "Utameza moshi."

Adhuhuri tulishuka Bahi. Ndahani alitupokea kwa salamu ya furaha ya Kigogo, "Mbukwa!", akatupeleka kwa mama yake, bibi mwembamba mwenye mvi, ambaye tayari alikuwa ameshika mti wa kuchimbia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mizigo wekeni hapo. Maji mtakunywa tukirudi."

Tukatoka hadi mbugani. Wakati wa masika pale huwa ziwa. Siku ile palikuwa uwanja mtupu, udongo umepasukapasuka kama chungu kilichoungua. Mume wangu akasimama, akatazama vilima.

"Hapa hapa tulikuwa tukipumzika," akasema. "Nimelala hapa, mzigo ndio mto wangu. Hapana kitu."

Bibi hakumsikiliza. Alikuwa amepiga magoti, akipapasa ardhi, mpaka akakiona kitundu kisichozidi upana wa kidole. "Njoo uiname," akamwambia. Mume wangu hakuinama. Bibi akachimba. Udongo ulitoka mgumu kama tofali, kisha mweusi, kisha laini. Ghafla akapiga ukelele, na kambare mkubwa mwenye masharubu akaruka kutoka ardhini.

Mume wangu naye akaruka. Akajikwaa kwenye kanzu yake, akaketi chini pu! Samaki akamwangukia mapajani.

Mume wangu akamtazama yule kambare. Kisha akacheka. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, na mimi machozi yakanitoka kwa sababu zangu.

"Mama," akauliza alipopata pumzi, "walikuwa humu hata miaka ile tuliyokuwa tukipita?"

"Sasa wangekwenda wapi? Mlikuwa mkitembea juu ya paa lao."

"Na sisi tulilala njaa hapa!"

Akaomba ule mti, akachimba mpaka jua likapoa, matope yamefika viwikoni, na kila alipomtoa kambare alimwita Ndahani aje kuona, kana kwamba Ndahani hajapata kuona kambare. Nikamuuliza bibi: "Mama, wewe huchimba kila mwaka. Mbona bado unapiga kelele?"

"Mwaka mmoja nilijaribu kunyamaza," akasema. "Nikashindwa."

Jioni tulikula kambare kwa ugali wa uwele na mlenda. Mume wangu alisimulia mambo ya safari zake ambayo sikuwahi kuyasikia.

Siku ya kurudi alisimama dirishani njia nzima, akiwauliza abiria jina la kila mlima, hata mmoja wao akajifanya amelala. Nyumbani, majirani walipoambiwa habari za samaki waliofukuliwa ardhini, walisema jua limempiga. Hakukasirika. Aliwaambia wachonge miti ya kuchimbia.

Nilichojifunza mimi ni hiki: mtu mzima akitaka kushangaa, hana budi kuinama, na nguo zichafuke. Jana nilimkuta uani amepiga magoti mbele ya kichuguu. Mikono yangu ilikuwa na unga na mafuta yalikuwa jikoni, lakini alinipungia nisogee. Nikaepua mafuta, nikapiga magoti kando yake.