Ukurasa wa Kuni

Nilikuwa tabibu kwa muda wa wiki sita hivi, nikiwa na umri wa miaka kumi. Uganga sikuusomea popote. Niliupata kwa kupewa kijitabu cha jalada la kahawia, na kwa sababu nyumbani kwetu Kisauni hapakuwa na mwingine aliyejua kusoma.

Ilikuwa miaka ya vita. Baba na mama walikuwa Changamwe, baba akifanya kazi ya reli, nami niliachwa kwa bibi mzaa mama, nyuma kidogo ya Frere Town, ili nisome shule ya misheni. Nyumbani tulikuwa wanne: bibi, mama mdogo ambaye mumewe alikuwa jeshini, kitoto chake cha miezi minane, na mimi. Babu alikuwa amekwisha kufariki, lakini bibi aliendelea kuniita mke mwenzake, na kila kazi asiyoipenda aliniambia ni zamu yangu. Zamu yangu ilikuwa maji na kuni. Maji sikuyachukia sana, kwa sababu kisimani nilikutana na wenzangu. Kuni nilizichukia kwa moyo wangu wote. Zilikuwa mbali, zilikuwa na miiba, na hakuna aliyewahi kusifiwa kwa kuleta kuni.

Kijitabu kililetwa na dresa. Siku hizo zahanati ndogo ilikuwa na dresa, mtu wa kufunga vidonda, kugawa kwinini na kutishia watoto kwa sindano. Wetu alivaa kaptula iliyopigwa pasi hata nikadhani akiivua itasimama yenyewe, na kila Jumatano alikuja kwenye baraza ya kanisa kuwafundisha akina mama habari za afya. Yeye alikuwa na kitabu chake kikubwa cha Kiingereza, chenye picha za matumbo, na akina mama hawakumwacha aondoke mpaka awafunulie. Bibi aliyatazama matumbo yale kwa muda mrefu, akasema, "Kumbe twatembea na haya yote." Lakini kitabu kile kilikuwa cha watu wa kazi. Cha sisi wengine kilikuwa hiki chembamba cha Kiswahili, na kwa kuwa nakala zilikuwa chache, dresa alitoa moja kwa kila nyumba yenye msomaji.

"Kwako nani asoma, mama?" akamwuliza bibi.

"Mke mwenzangu," bibi akajibu, akanisukuma mbele.

Basi kila alasiri majirani walikuja kukaa kivulini mwa nyumba yetu, wakisuka makuti, nami nikawasomea. Nilisoma kwa kufuatisha kidole chini ya maneno, kama mwalimu alivyotufundisha, maana shuleni msomaji asiye na kidole alipigwa rula. Bibi hakuusifu uandishi wa kitabu. "Aliyekiandika hiki," alisema, "Kiswahili amekijua ukubwani." Hata hivyo alisikiliza, na mikono yake haikuacha kusuka.

Siku ya tatu kitabu kilisema mayai humjenga mtoto. Yai nyumbani kwetu lilikuwa kitu cha kutazamwa tu, kwa sababu kuku wa bibi walitagia kambi ya askari kule Nyali. Nikalitazama neno "mtoto," nikaona lina nafasi mbele yake. "Hasa mtoto asomaye," nikasema. Hakuna aliyeshtuka. Kesho yake asubuhi nilipewa yai la kuchemsha, zima, na chumvi yake.

Hapo ndipo nilipoharibika. Nikagundua kwamba kitabu kilikuwa na upungufu mwingi na kwamba mimi nilikuwa nimeletwa kuukamilisha. Nilisoma kwamba mtoto asomaye asitumwe kisimani jua likiwa kali, kwa sababu joto hupanda kichwani likazifuta herufi. Nilisoma kwamba asiamshwe mapema Jumamosi. Jirani mmoja, ambaye mumewe alikuwa mnywaji wa tembo, aliniuliza kama kitabu kina neno lolote juu ya waume. Nikafunua huku, nikafunua kule, nikalipata. "Mume anywaye tembo," nikasoma, "na alale barazani mpaka mdomo uache kunuka, asije akawapulizia watoto maradhi." Yule mama akaniomba nirudie, akaondoka na makuti yake kabla hayajaisha. Mumewe alilala barazani siku tatu, mbu wakamla, na tukasikia anasema atamfuata dresa amwonyeshe hayo maneno yako wapi.

Niliogopa kidogo, lakini si sana. Mtu aliyekwisha kuonja sifa haogopi upesi.

Kisha nikafika kwenye ukurasa wa maji. Ulisema maji yote ya kunywa yachemshwe, kila siku, mpaka yatokote, yafunikwe na kuachwa yapoe. Nilisoma kimya mistari miwili nikaelewa maana yake, na maana yake ilikuwa mzigo wa pili wa kuni. Nikatia kidole mate, nikafunua karatasi mbili pamoja. "Nzi," nikasoma kwa sauti nzuri, "ni adui mkubwa." Wote wakatikisa kichwa, wakamlaani nzi.

Nyuma ya ukurasa ule niliouruka palikuwa na maneno juu ya watoto wanaohara. Hayo niliyasoma peke yangu baadaye, kwa udadisi tu, nikafunga kitabu.

Wiki mbili hazikupita, mtoto wa mama mdogo akaanza kuhara. Ilikuwa Jumatatu. Majirani wote wakasema ni meno, na mimi pia nikasema ni meno, kwa kuwa tabibu lazima aseme kitu. Jumanne asubuhi hakuna aliyetaja meno tena. Macho ya mtoto yalikuwa yameingia ndani. Alilia bila machozi, na utosi wake ulikuwa umebonyea. Mama mdogo alimpakata akimtazama bibi, na bibi akatoa amri ambayo kila bibi wa wakati ule angeitoa: apewe majani ya mpera yaliyotwangwa, na maji asipewe hata tone.

"Ndoo yavuja," akasema. "Ikivuja huitii maji. Waiziba kwanza."

Nami nilijua kitabu kilivyosema. Nilisimama mlangoni nimekishika, na nilitaka sana kuwa mtu mwingine. Nikisema, nitaulizwa kwa nini sikusema. Nisiposema, yule mtoto alikuwa hapo mbele yangu, na mdomo wake ulikuwa umekauka.

"Bibi," nikasema, "kuna ukurasa sikuusoma."

Bibi hakugeuka. "Mke mwenzangu, leo si siku ya mayai."

Wiki zote zile nilidhani nakula mayai ya ujanja, kumbe mwenye kuku alikuwa anajua.

"Si mayai, bibi. Ni maji. Niliuruka kwa sababu ya kuni." Nikaanza kulia, na nililia kwa kelele kuliko mgonjwa.

Bibi akafuta mikono yake kwenye leso. "Kaa hapa. Soma. Weka kidole."

Nikasoma. Mtoto anayehara asinyimwe maji. Maji yachemshwe, yapoe, apewe kwa kijiko kidogo kidogo bila kuacha, na utosi ukibonyea apelekwe hospitali upesi. Mama mdogo alikuwa akinitazama mdomo. Bibi hakunitazama usoni hata mara moja. Alikitazama kidole.

"Rudia," akasema.

Nikarudia, na kidole kikapita palepale kilipopita mwanzo. Bibi akainuka. Kuni jikoni zilikuwa vijiti vitatu, kama kawaida ya kuni nilizoleta mimi. Akatoka nje, akachukua makuti makavu aliyoyasuka wiki nzima kwa ajili ya paa la jiko, akayasukuma chini ya sufuria moja baada ya jingine mpaka maji yakatokota. Nilitamani anitukane.

Tukaondoka kwenda hospitali ya mjini, bibi mbele, mama mdogo na mtoto katikati, mimi nyuma na birika na kijiko. Kila hatua hamsini bibi alisema, "Simameni," akapokea kijiko, akampa mtoto tone kwa tone, akasema, "Twendeni." Kwenye daraja la Nyali, lile la zamani lililokuwa likielea, tulisimama katikati kabisa. Lori la jeshi likaja nyuma yetu likapiga honi. Bibi hakugeuka. Dereva akatoa kichwa nje, akasema maneno ambayo hayamo katika kitabu chochote cha afya. Bibi akamaliza kijiko, akamfuta mtoto kidevu, ndipo tukapisha pembeni.

Hospitalini muuguzi alimpokea mtoto, akamtazama ulimi, akauliza, "Nani aliyewaambia mumpe maji?"

"Kitabu," bibi akasema.

"Na kitabu nani aliwasomea?"

Nilitaka kuingia ndani ya birika. "Huyu," bibi akajibu. "Ila amechelewa."

Muuguzi akadhani ni utani, akanipapasa kichwa. Mtoto alilazwa siku nne. Siku aliporudi nyumbani alilia kwa sababu nilimnyang'anya kijiko, na machozi yalimtoka mengi, yakatiririka mpaka shingoni. Mama mdogo alicheka akalia papo hapo. Sijafurahia machozi ya mtu kama nilivyoyafurahia yale.

Jumatano iliyofuata dresa alifika kwetu na mume wa jirani, uso wake bado una alama za mbu. Dresa akakichukua kijitabu, akakisoma mwanzo hadi mwisho amesimama. Mume anywaye tembo hakuwemo.

"Labda ni kwenye kile chako kikubwa," bibi akamwambia dresa kwa upole, "karibu na matumbo." Jirani yetu aliyekuwa akisikiliza dirishani alicheka hata akakaa chini, na mume mtu akaenda zake bila kuaga. Mimi sikucheka. Nilijua zamu yangu bado.

Walipoondoka bibi alikaa kwenye mkeka akaanza kuchana miyaa ya kusukia mikeka. Nikakaa karibu naye, nikamwuliza alijuaje.

"Ukisoma, kidole chako chatembea," akasema. "Ukitunga, chasimama, na macho yapanda darini kutafuta uongo."

"Basi mayai ulinipa ya nini?"

"Mtoto asomaye nisimpe yai? Hilo halikuwa uongo. Halikuandikwa tu."

Nilitaka kucheka, nikamwona usoni, nikaacha.

"Uongo wako niliuona wote, mke mwenzangu," akasema. "Lakini ulichokiruka, mimi ningekionaje?"

Nimefanya kazi ya kufundisha afya kwa miaka mingi tangu hapo, nimepewa vitabu vyembamba vya kuwasomea watu na vinene vya kusoma mwenyewe, na jibu la swali lile bado sijalipata. Ninachokifanya ni kufunua karatasi moja moja, polepole, watu waone.

Bibi hakungoja jibu langu. Aliniambia nimhesabie karatasi za kitabu, na alikuwa amekwisha kumwuliza dresa idadi yake. Nikahesabu kumi na mbili. Akachukua uzi wa miyaa, akaupiga mafundo kumi na mawili. Alasiri ile, majirani walipokuja, nilianza upya kutoka mwanzo, na kila nilipofunua karatasi kidole chake kilihama kutoka fundo moja kwenda jingine. Kidole changu kilitembea, na chake kilitembea. Nilipofika mwisho alikuwa ameshika fundo la mwisho. Akaukunja ule uzi, akaufunga kwenye pindo la leso yake.

"Haya," akasema. "Sasa kalete kuni."